Mstari Ambao Kinyozi Hakuuchora

Kwenye picha ya kwanza mwanamume yule alikuwa amesimama chini ya taa ya dari, nywele zimelowa, paji linang'aa kama sahani. Kwenye picha ya pili alikuwa karibu na dirisha, nywele kavu, zimechanwa kuja mbele. Niliikuza picha kwenye kompyuta mpaka ikaanza kuvunjika vipande. Sikuwa naangalia nywele. Nilikuwa naangalia sikio. Sikio la picha ya kwanza lilikuwa na kidoti cheusi juu kabisa. Sikio la picha ya pili halikuwa nacho.

Nikajiambia, hawa watu wa kliniki ya nywele ni waongo.

Kutengeneza picha ndiyo kazi yangu. Niko kwenye duka la uchapishaji hapa Machakos mjini, tunatoa kadi za harusi, mabango ya mahubiri na ratiba za mazishi. Sikusomea chuo chochote. Nilijifunza peke yangu kwa video za simu, nikikosea na kufuta, nikikosea na kufuta, na labda ndiyo sababu mpaka leo siwezi kuachia kazi mpaka niwe nimepima kila herufi iko umbali gani kutoka ukingoni. Nimeondoa chupa za bia mikononi mwa marehemu na kuweka Biblia mahali pake. Nimemvalisha koti mtu ambaye hakuwahi kumiliki koti. Kwa hiyo mtu akinionyesha picha ya kabla na picha ya baada, mimi sioni muujiza, naona mtu kama mimi ameketi mahali fulani na kipanya mkononi.

Hata hivyo ile kliniki ya Syokimau, yenye picha ya mtu mwenye kidoti cha sikio, ndiyo niliyokwenda.

Nywele zangu zilianza kurudi nyuma mapema, pembeni kwanza, kisha katikati zikawa nyepesi hata mwanga wa dirisha ukapita. Sikumwambia mtu. Nilivaa kofia. Kinyozi wangu, ambaye ana moyo mzuri, alianza kunipaka rangi nyeusi kwenye yale mapengo kila aliponipiga mstari wa paji. Kwa wiki moja nilikuwa na kichwa kizuri sana. Siku moja nilikuwa namweka mama mmoja sawa kwa picha ya pasipoti, jua kali, jasho linatoka, akanitazama na kusema kwa upole, "Kijana, kitu fulani kinakutiririka." Nilijipangusa na kitambaa kikatoka kimejaa rangi nyeusi. Yule mama hakucheka. Afadhali angecheka.

Ndipo nikaanza kuweka akiba.

Msichana wa mapokezi Syokimau aliniita brathe. "Niaje brathe, karibu, keti hapo." Pale pa kungojea kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye kofia kama yangu. Tulitazamana mara moja tu, halafu kila mmoja akawa anasoma simu yake kwa bidii. Nilishuku kwamba amelipwa akae pale aonekane mteja. Baadaye nilifikiri huenda naye alinishuku mimi vivyo hivyo.

Daktari alikuwa mtu mtulivu, wa makamo, mwenye nywele zake zote, jambo ambalo pia sikulipenda. Kabla hajaniambia lolote nilimwonyesha ile picha kwenye simu na kumwuliza kuhusu kidoti cha sikio.

Aliisogeza karibu na macho yake. "Huo ni wino," akasema. "Tulikuwa tumemchora kichwani, kalamu ikamgusa sikio."

Jibu lilikuwa zuri mno. Mimi majibu mazuri mno huyaogopa.

Akanieleza kazi yenyewe. Nywele za nyuma ya kichwa, alisema, huwa hazina tabia ya kuanguka kama za mbele. Wanazitoa kule nyuma moja moja pamoja na mizizi yake, wanatoboa vishimo vidogo mbele, wanazipanda. Akasema nywele zetu sisi zimepinda hata chini ya ngozi, si juu tu, kwa hiyo anayetoa lazima aufuate ule mpindo ambao haoni, la sivyo ataukata mzizi. Akasema pia kuna watu ambao kila jeraha kwao huvimba kovu nene, na hao hawagusi. Akatoboa sehemu chache nyuma ya sikio langu na kuniambia niende nyumbani nikangoje tuone zitaponaje. Wakati ule nilidhani ni mbinu ya kunifanya nirudi. Leo najua kwamba mtu anayetaka tu pesa zako hakwambii uende nyumbani.

Sehemu zile zilipona vizuri. Nikarudi, akachukua kalamu achore mstari wa mbele, mahali nywele zitakapoanzia.

Alipomaliza akanipa kioo. Mstari ulikuwa umepindapinda, huku juu kidogo, huku chini kidogo, na pembeni ulikuwa umeingia ndani kama ghuba. Ilionekana kama kazi ya mtu aliyechora akiwa ndani ya gari.

"Hauko sawa," nikasema.

"Hautakiwi kuwa sawa. Tazama mtu yeyote aliyezaliwa na nywele zake."

"Kinyozi wangu hunipiga mstari ulionyooka."

"Kinyozi anachora wa wiki mbili," daktari akasema. "Mimi nachora wa maisha. Ukinyooka, kila mtu atajua."

Nilimtazama na kufanya hesabu yangu mwenyewe. Mstari unaoingia ndani pembeni unataka nywele chache kuliko mstari ulionyooka. Nikaona nimemgundua. Anataka kunipunguzia kipimo halafu anaiita sanaa. Nikamwambia mimi kazi yangu ni mistari, najua mstari mzuri, na nataka wa kwangu unyooke toka pembe hadi pembe, na pembe zenyewe ziwe pembe. Hapa kwetu huwezi kumwona kijana aliyetoka kinyozi bila ule mstari wa wembe, ndio unaoonyesha kwamba mtu amejitunza. Sikuwa naomba kitu cha ajabu.

Akafuta, akasema nirudi baada ya wiki moja nikiwa nimefikiri. Nilirudi nikiwa nimefikiri vilevile. Akamwita muuguzi asikie, akaniuliza mbele yake kama nina hakika, nikasema nina hakika. Akapumua kupitia puani na kuchukua rula.

Siku yenyewe nilinyolewa kichwa chote, nikalazwa kifudifudi, nikachomwa sindano za ganzi ambazo ndizo jambo pekee lililouma kweli. Kisha kikaanza kile kisauti kidogo, kama mtu anayemenya kitu kigumu kwa ukucha, nyuma ya kichwa changu, kwa saa nyingi. Wauguzi walizungumza juu ya mtu fulani wa ofisini mwao aliyekuwa akila chakula cha wenzake kwenye friji. Nilitaka sana kumjua ni nani. Baadaye nikageuzwa chali, wakapanda mbele, na mimi nikawa nimefumba macho nikijiuliza kama wanapanda kweli au wanatoboa tu.

Nilirudi Machakos na kofia pana na maelezo ya kulala nimeketi. Kazini nilisema nimeanguka bafuni. Magamba yakatoka, mstari ukaonekana, umesimama, mweusi, umenyooka. Niliupiga picha kila asubuhi, dirisha lilelile, umbali uleule, kwa sababu sikuiamini picha yoyote isipokuwa yangu.

Halafu zikaanza kuanguka.

Zilianguka kwenye mto, kwenye taulo, zilianguka nikizitazama. Kabla hazijaisha niliandikia kliniki. Muuguzi akajibu: "Ni kawiada kabisa, tulia. Zinaanguka halafu zinaota upya." Siku mbili tatu baadaye niliandika tena kwa maneno mengine, nikiwa na picha. Akajibu: "Ni kawiada kabisa, tulia." Kosa lilelile la herufi. Kwa hiyo hakuwa akiniandikia mimi. Alikuwa na jibu moja mahali, analibandika kwa kila mtu aliyekuwa analia Syokimau, Athi River na kwingineko. Nilijiona mjinga aliyelipa ili atobolewe kichwa. Kwa miezi ile paji langu lilikuwa tupu kuliko mwanzo, na mimi nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu. Kinyozi akiniuliza mbona sijaenda siku hizi, nilisikia ameshajua. Wateja wakicheka mlangoni, niliguswa na kicheko chao kichwani.

Watu wawili tu walijua nimefanya nini, mimi na kliniki. Kisha akaongezeka wa tatu, na huyo ndiye sababu ya kuandika haya.

Susu ndiye aliyenilea. Susu kwetu ni nyanya, mama wa baba. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akapata kazi mbali, mimi nikakulia kwa susu kule Yatta, ng'ambo ya soko la Katangi, nikila muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kusikia hadithi zake za majirani. Nilikwenda kumwona wakati nywele zilikuwa zimeanza kutokeza tena, laini, chache, kama manyoya ya kifaranga. Nilikuwa bado sijaziamini. Macho yake yalikuwa yamefifia sana na hakuwa anatoka nje ila asubuhi kuota jua. Niliingia na kofia.

"Toa hiyo," akasema. Hakuwa anaona sura yangu vizuri lakini kofia aliiona.

Nikaitoa, nikainama, akaweka kiganja chake kichwani mwangu kama alivyofanya siku zote. Kiganja kikasimama. Kikarudi mbele polepole, vidole vikatembea kwenye paji, kutoka upande huu hadi ule.

"Hizi umezipata wapi?"

Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali bila chochote nyuma yake isipokuwa yeye. Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, mpaka kisauti cha kumenya, mpaka rula. Tulizungumza Kikamba, na kuna maneno ya mambo haya ambayo Kikamba changu hakina, kwa hiyo nilimwambia tu: walizitoa huku nyuma wakazileta huku mbele.

Susu aliifikiria safari hiyo. "Ni kichwa chako mwenyewe?"

"Ni changu, susu."

"Basi umejihamisha," akasema, na akaanza kucheka mpaka akashika ubavu.

Akanieleza. Zamani jirani yake mmoja alibomoa nyumba yake iliyokuwa juu ya shamba, akaijenga tena chini, kwenye shamba lilelile, akawaita watu kwa sherehe ya kuhamia. Watu wakatembea hatua chache kutoka nyumba ya kwanza hadi ya pili, wamebeba zawadi. Tangu siku hiyo, kwa susu, mtu aliyehangaika sana akabaki palepale alikuwa "amejihamisha". Lakini jirani yule alikuwa rafiki yake, kwa hiyo neno hilo alilisema jikoni mwake tu, na wanawe alikuwa amewakataza kulitoa nje ya mlango.

"Na wewe usiliseme popote," akanionya.

"Na wewe susu usiwaambie hizi nywele."

"Nitamwambia nani? Nani ananiuliza mimi habari za vichwa?"

Alikufa kabla ya mvua.

Ratiba ya mazishi niliitengeneza mwenyewe. Picha yake haikuwa nzuri, alikuwa amefumba jicho moja kwa jua na kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Nilikaa nayo kwa muda mrefu, mkono kwenye kipanya, na sikuigusa.

Katika ukoo wetu, baada ya maziko, wana na wajukuu hunyolewa vipara kwa wembe. Kisha hakuna anayegusa nywele zake, hakuna kinyozi, hakuna mashine wala mstari, mpaka siku ya kuanua matanga, familia inapokutana tena na kusema yameisha. Nimezijua sheria hizi tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri zitanikuta na nywele za kupandwa.

Niliandikia kliniki nikiwa nyuma ya zizi la mbuzi: naweza kunyolewa kwa wembe? Jibu likaja: "Ni kawiada kabisa, tulia." Nikapiga simu kwa hasira. Muuguzi akacheka kidogo, akasema, "Brathe, mizizi iko ndani. Wembe unakata juu. Nyoa tu." Sikumwamini. Nilikuwa nimengoja nusu ya mwaka kuona zile nywele zikisimama, na sasa nilikuwa nafikiria kusema nimeitwa kazini haraka. Nakiri nilifika hadi kwenye lango. Pale langoni kulikuwa na kiti chake cha plastiki cha kuotea jua, mtu amekisogeza kando kupitisha jeneza na hakuna aliyekirudisha. Nikarudi.

Aliyekuwa ananyoa ni shangazi, binti mkubwa wa susu. Alikuwa na beseni la maji na wembe mpya kwa kila kichwa. Wa kwanza alikuwa baba mkubwa, kifungua mimba wa susu, aliyestaafu kiwanda cha saruji cha Athi River, ambaye kichwa chake kimekuwa kitupu tangu nimjue.

"Mimi nipite," akasema. "Mungu alishaninyoa."

"Keti. Lazima wembe ukuguse."

"Utagusa nini?"

"Nitagusa ngozi. Keti, mzee."

Watu wakacheka kidogo, kwa namna ya kucheka matangani. Zamu yangu ilipofika nilifumba macho. Wembe ulipita mbele, nikausikia ukikwaruza ile safu yangu yote, na maji yakashuka puani. Ulipofika nyuma ukasimama. Kidole cha shangazi kikagusa kisogo changu, kikapapasa vile vidoti vya makovu mahali nywele zilipotolewa.

"Huku ulifanya nini?" akauliza chini chini.

"Ni upele, shangazi."

"Upele umejipanga hivi?"

Akaendelea kunyoa. Nywele zetu sote zilikusanywa pamoja na kufukiwa nyuma ya nyumba, zangu za mbele na za nyuma na za binamu zangu wote, na hakuna ambaye angeweza tena kusema ipi ilikuwa ya nani.

Nilirudi mjini nikiwa kipara kamili na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikuvaa kofia. Wiki zile nilikuwa na amani isiyo ya kawaida. Halafu nywele zikaanza kurudi, na nilipopapasa paji langu asubuhi moja, mbele na nyuma zilikwaruza sawasawa. Nikakimbilia dirishani. Zilikuwa zimeota zote, nyeusi, nene. Kliniki haikunidanganya. Nilisimama pale nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, nikikumbuka maneno niliyowatukana moyoni.

Sikuona jambo jingine mpaka Jumapili niliyokwenda Katangi. Binamu zangu walikuwa wameketi ukutani, na nywele zao zilikuwa zimeanza kuota kama zetu sote. Kila paji lilikuwa na ukingo usioeleweka, vinywele vyepesi vinaanza, vinaacha, vinapinda kuelekea masikioni. Mmoja alinitazama, akageuza kichwa upande, akatazama tena.

"Wewe, nani alikupiga mstari?"

"Hakuna."

"Hebu geuka. Wee. Hiyo ni kazi ya leo asubuhi." Akawaita wengine. "Kujeni muone mtu wa town. Sisi tumekaa hapa kama kondoo, yeye ametoka kinyozi."

Nilipapasa paji langu. Pembe mbili, na katikati yao mstari ulionyooka kama ukingo wa karatasi. Nilikuwa nimejifunza kuupenda sana hata nikasahau kwamba paji la mtu halioti hivyo.

Baba mkubwa alikuwa mlangoni na chai yake. Alinitazama tu, muda mrefu, halafu akaingia ndani.

Siku ya kuanua matanga tuliketi uani, wazee kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Maombi yalipokwisha, na kabla ya kutangaza kwamba yameisha, baba mkubwa alisimama.

"Kuna mmoja hapa hakungoja," akasema. "Mama amemlea kama mtoto wake wa tumboni. Akamlisha, akamsomesha. Yeye ameshindwa kukaa hii miezi tu bila kuchongwa kichwa. Mimi siwezi kusema matanga yameisha, kama mwingine aliyamaliza zamani peke yake kwa kiti cha kinyozi."

Hakunitaja. Hakuhitaji. Ningeweza kuvumilia kuitwa mtu wa kujipamba. Lakini ilikuwa inasemwa, mbele ya watu wake wote, kwamba sikumlilia susu.

"Baba mkubwa, sijaenda kwa kinyozi."

"Kijana, niko na macho."

"Ni vile zinaota."

Kicheko kikapita kwenye mikeka. Binamu mmoja akasema, "Hata mimi nataka zangu ziote hivyo." Mwingine akasema, "Labda ni maji ya Machakos."

Ndipo nikasema yote. Nikasimama na kusema mbele ya ukoo mzima kwamba nilikuwa nakuwa na upara, kwamba nilikwenda kwa daktari Syokimau, kwamba nywele hizi za mbele zilitolewa kisogoni zikapandwa, na mstari umenyooka kwa sababu zilipandwa kwa rula. Nilipomaliza watu walitazamana wakitafuta pa kuanzia.

"Sasa umetunga hiyo," baba mkubwa akasema. Hakuwa na ukali tena, na hilo lilikuwa baya zaidi, alikuwa anasikitika. "Si useme tu ulikosea, tuendelee."

Nilimtazama shangazi, yeye aliyeviona vile vidoti kisogoni. Naye alikuwa ananitazama kwa mashaka, kama mtu anayepima nguo sokoni. "Niliona alama," akasema polepole. "Lakini aliniambia ni upele."

Uongo wangu mdogo ulikuwa umekaa pale katikati ya mkeka na kila mtu anauona.

"Susu alijua," nikasema.

"Mama?" Shangazi akakaza macho. "Mama alijua hiyo maneno? Na alisema nini?"

Mtu pekee ambaye angenitetea alikuwa pale ng'ambo ya uzio, chini ya udongo ambao bado haujashuka. Nilikumbuka kwamba nilikuwa nimekatazwa. Nikalisema hata hivyo, kwa Kikamba, kama alivyolisema.

"Alisema nimejihamisha."

Shangazi alifunika mdomo. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia pia, lakini kicheko ndicho kilichotoka kwanza, kile cha susu, cha kushika ubavu. Baba mkubwa alijaribu kukaza uso na hakuweza. Alikaa chini kwenye kiti chake, mabega yakimtikisika, akipangusa macho kwa kiganja. Wajukuu waliuliza, nini, amesema nini? Hakuna aliyewaeleza. Jirani wa susu mwenyewe, mkongwe sasa, alikuwa ameketi mstari wa mbele na fimbo yake, akitabasamu kwa sababu watu walikuwa wanatabasamu.

"Huyo ni mama," shangazi akasema alipopata pumzi. "Hiyo hakuna mtu anaweza kutunga."

Baba mkubwa aliniita karibu. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, akaupitisha mkono wake mzito wa kiwandani kwenye paji langu, kisha akaigeuza shingo yangu na kutazama kisogo, akavipapasa vile vidoti kimoja kimoja. Kisha akarudi mbele, akaweka kidole gumba kwenye ule mstari na kuufuata toka pembe hadi pembe.

"Kweli si wembe," akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Matanga yameisha."

Watu wakaanza kusimama, sufuria zikafunuliwa. Yeye hakuuondoa mkono. Aliinama karibu na sikio langu.

"Lakini daktari mzima, amesoma, anachora hivi? Kama kiambaza?"

"Yeye alitaka kuupinda, baba mkubwa."

"Na wewe?"

"Sikumwamini."

Alinitazama, halafu akatazama ukuta wa nyumba ya mama yake juu ya kichwa changu. "Na inauma?" akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, akijipapasa upara wake. "Hiyo kutoa huku nyuma. Usimwambie shangazi yako nimeuliza."